Nyumba ya ukoo Bagamoyo: pima thamani yake kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji

Mthamini akija kupima nyumba kwa ajili ya mkopo au mirathi, anaangalia kiwanja kiko wapi, jengo lina mita ngapi za mraba na limechakaa kiasi gani. Kwa hesabu hiyo, nyumba ya mawe na chokaa yenye zaidi ya miaka mia moja huonekana haina kitu. Kiwanja ndicho kinachobeba bei yote. Ndiyo maana vikao vingi vya ukoo huishia kwenye neno moja kati ya mawili: ivunjwe, au iuzwe. Kinachokosekana mezani ni hesabu ya pili, ile inayoonyesha ndani ya kuta hizo kuna nini ambacho kikishatoka hakirudi.

Hesabu hiyo mnaweza kuianza wenyewe. Mnahitaji watu wawili, futi ya mita tano na ya mita thelathini, simu yenye kamera, tochi, bisibisi, msumari, timazi, penseli na daftari la miraba. Nyumba ya vyumba sita itengeeni siku tatu: moja ya wazee na makaratasi, moja ya kupima, moja ya kukagua ubovu. Ifanyike kabla fundi hajaitwa. Fundi akishaanza kubandua lipu, nusu ya ushahidi iko kwenye karai.

Wazee kwanza

Mtafuteni aliyekulia humo na mtembee naye chumba kwa chumba. Akikaa sebuleni atasimulia ukoo, akitembea atasimulia nyumba. Msimuulize mwaka. Ulizeni kwa matukio: chumba cha uani kilijengwa kabla ya Uhuru au baada? Bati liliwekwa kabla ya Azimio la Arusha la 1967? Choo kilihamishwa kabla ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Ulizeni jiko lilikuwa wapi, maji yalitekwa wapi, bidhaa gani ziliuzwa barazani, mlango gani wageni wa kiume hawakuuvuka, chumba gani kilikuwa cha bibi na kwa nini. Rekodini kwa simu baada ya kuomba ruhusa. Wazee wawili wakipishana, andikeni maneno ya wote wawili na msiamue pale pale. Mara nyingi ukuta wenyewe utaamua.

Kisha makaratasi: hati au ofa, leseni ya makazi, risiti za kodi ya majengo, waraka wa wakfu kama upo, na shauri la mirathi. Hapa kuna jambo linaloziumiza familia nyingi za katikati ya mji, Bagamoyo na Tanga vilevile. Sheria ya mwaka 1971 iliiruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo inawezekana watu wakaishi nyumbani kwa vizazi viwili huku jina kwenye hati si lao. Hakikini ofisi ya ardhi kabla ya kutumia hata shilingi moja. Na kama marehemu ndiye bado mwenye jina, familia haina wa kusaini kibali chochote mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi.

Kuisoma nyumba

Pimeni kila chumba pande zote nne, na mishazari yote miwili. Mishazari isipolingana chumba hakina pembe mraba, na hilo nalo ni habari: ukuta mmoja huenda ulifuata mpaka wa jirani au uliongezwa baadaye. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani sentimita mbili za karatasi ni mita moja ya nyumba. Andika unene wa kila ukuta kwa kuupima kwenye uwazi wa mlango au dirisha.

Unene ndio unaosema zaidi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huwa na sentimita 45 hadi 60. Ukikuta ukuta wa sentimita 15 au 23 pamoja na lipu kidogo, hilo ni tofali la saruji la inchi sita au tisa, la zama za karibuni. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966; kabla ya hapo saruji ilikuwa ya kuagizwa kwa meli na haikumwagwa ovyo kwenye nyumba ya kawaida.

Upana wa vyumba nao una sababu. Katika nyumba ya mawe ya pwani, dari au sakafu ya juu ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Chumba cha mita nne kisicho na nguzo katikati ama kina chuma ndani yake, ama ukuta mmoja uliondolewa. Hilo la pili ni la hatari, na mtalirudia kwenye ukaguzi. Mpangilio wa vyumba uchoreni hata kama unaonekana wa kawaida: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma wenye jiko, kisima na choo. Kila mlango uliozibwa na kila dirisha lililogeuzwa kuwa kabati liwekewe alama.

Ukikuta matofali ya kuchoma, iwe nyumba nzima, au kwenye matao tu, kingo za madirisha au chumba cha nyongeza, pima matofali kumi uchukue wastani, maana hayalingani. Ujerumani iliweka kipimo rasmi cha sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5 mwaka 1872. Matofali ya vipimo vya Kiingereza hukaribia 22 kwa 11 kwa 7. Tofali la sentimita 25 basi linaashiria zama za Wajerumani au fundi aliyefuata kalibu yao. Ni dalili tu, kwa kuwa kalibu za mbao zilitengenezwa hapa hapa na ziliishi kuliko tawala. Angalia pia jinsi yalivyopangwa: kama vichwa (ncha fupi za tofali) vinaonekana katikati ya mbavu (pande zake ndefu), ukuta una unene wa tofali zima na umefungamana, kama ni mbavu tupu, huenda ni koti la mbele tu, na nyuma yake kuna kitu kingine.

Juu ya paa, geuza kigae kimoja kilicholegea. Vigae vingi vya zamani vya pwani yetu vililetwa kwa meli kutoka Mangalore, India, ambako kiwanda cha misheni ya Basel kilianza mwaka 1865, na vina mhuri upande wa chini. Piga picha mhuri. Vyuma vya sakafu za zama za Wajerumani nao huwa na jina la kiwanda lililosimama kwenye bavu la chuma; tochi ikimulikwa kwa pembeni litaonekana hata chini ya rangi.

Mlango wa mbele mpe muda wake. Taja sehemu zake kwa majina kwenye daftari: kizingiti cha juu, miimo miwili, mbao za mlango, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika muungano. Kipi ni cha asili na kipi kimebadilishwa? Nakshi ya mfaa isiyofanana na ya kizingiti ni dalili kuwa kimoja kililetwa kutoka mlango mwingine. Kama kizingiti kina mwaka wa Kiislamu, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: 1310 inakupa karibu 1892. Huo ni mwaka wa mlango, si lazima uwe wa nyumba. Milango ilihama.

Mwisho wa kusoma ni rangi. Chagua sehemu iliyojificha nyuma ya mlango, kwa wembe kwangua kijidirisha cha sentimita tano kwa tano, ukienda chini ngazi kwa ngazi ili kila tabaka libaki na ukingo wake. Tabaka nyingi nyembamba za chokaa nyeupe, buluu au njano zina maana chumba kilipakwa mara kwa mara, labda kila Idi. Tabaka mbili tu juu ya lipu ya kijivu zina maana lipu hiyo ni mpya, na umri wa ukuta wenyewe uko nyuma yake. Hapa watu hupenda kudondoshea ndimu waone kama inachemka. Haisaidii: chokaa huchemka, saruji huchemka, na tumbawe lenyewe huchemka. Msumari unasema kweli zaidi. Lipu ya chokaa hukwaruzika na kutoa unga mweupe au wa rangi ya mchanga. Ya saruji hutoa mstari hafifu wa kijivu na kukwaruza sikio.

Ramani ya rangi tatu

Sasa weka yote kwenye ramani moja. Nyekundu ni kile kisichoguswa: kikiondoka thamani imeondoka. Njano ni kinachotengenezwa kwa nyenzo ile ile iliyokuwepo. Kijani ni kinachoweza kubadilishwa bila hasara.

Kosa la kawaida ni kupaka nyekundu mlango wa nakshi na kupaka kijani vingine vyote. Mlango unaweza kuhamishiwa hotelini na ukaendelea kuwa mlango mzuri. Mpangilio wa ukumbi na ua hauhamishiki. Katika nyumba nyingi za familia Bagamoyo, kilicho adimu zaidi ni vitu vinne visivyopigwa picha na wageni: baraza lililobaki na urefu wake wa asili, kuta nene zisizovaa saruji, dari ya boriti, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ambazo hazijazibwa. Choo cha miaka ya themanini uani, singibodi, waya za umeme na madirisha ya alumini ni kijani bila mjadala. Nyongeza ya zamani, mfano chumba cha tofali kilichojengwa na babu mwaka wa Uhuru, nayo ina thamani yake. Isiondolewe ili nyumba ionekane "ya asili" zaidi kuliko ilivyowahi kuwa.

Baada ya ramani andikeni tamko la thamani, lisilozidi nusu ukurasa. Linasaidia kuliko picha mia, kwa kuwa ndilo litakalosomwa na mhandisi, ofisi ya serikali na mjukuu asiyekuwepo kikaoni. Mfano wa nyumba ya kubuni:

"Nyumba ya ghorofa moja ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye baraza mbele, ukumbi wa kati, vyumba sita na ua. Kuta zina unene wa sentimita 52. Dari ya vyumba viwili vya mbele ni boriti za asili. Vingine vimewekewa mbao baada ya 1967 kwa maelezo ya wazee. Zidaka tatu zipo chumba cha kwanza kulia. Familia imeishi humo vizazi vinne na baraza lilikuwa duka la kahawa. Upande wa barabarani baraza lake linaendelea bila kukatika na la nyumba mbili jirani. Likiondolewa, mtaa mzima unapoteza sura. Visivyoguswa: baraza, ukumbi, kuta za mbele, boriti za vyumba viwili, zidaka, mlango na mfaa wake. Vinavyoweza kubadilika: choo, jiko, paa la bati la uani."

Tamko hili linataja vipimo, linataja chanzo cha tarehe, na linataja mtaa. Hilo la mwisho lisisahaulike. Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi 1891 yalipohamia Dar es Salaam, na njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka hapa hadi Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO tangu 2006. Boma, Caravanserai (kituo cha misafara) na Ngome Kongwe vinatunzwa na serikali. Vikibaki peke yake katikati ya vibanda vya bloku, vitakuwa makumbusho yasiyo na mji.

Ubovu: tafuta maji kwanza

Karibu kila ugonjwa wa nyumba ya mawe au matofali ya pwani unaanza na maji, na unazidishwa na saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hauna kizuizi cha unyevu chini. Unanyonya kidogo kutoka ardhini na kuutoa kwa hewa pande zote mbili, na kwa miaka mia moja uliishi hivyo. Ukivishwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, unabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inakuwa fuwele zinazosukuma. Matokeo yake mnayaona: lipu inapasuka na kuanguka mapande mapande hadi usawa wa kiuno, familia inapiga saruji nyingine nzito zaidi, na baada ya masika mbili imeanguka tena, safari hii ikiondoka na uso wa jiwe.

Kwa hiyo kagua kwa utaratibu wa maji, kuanzia juu. Vigae au bati lililotoboka, mifereji iliyoziba, paa lisilovuka ukuta vya kutosha. Miche ya mtini iliyoota juu ya ukuta: ikate, usiing'oe, maana mzizi ukivutwa hutoka na mawe, mzizi uliobaki uchimbuliwe polepole na ufa ujazwe chokaa. Kisha shuka chini. Ardhi ya nje imepanda kiasi gani? Barabara na taka za miaka huinua mtaa mpaka ukawa juu ya sakafu ya ndani. Ardhi inayogusa ukuta ishushwe hadi sentimita 15 au 20 chini ya sakafu, na maji yaelekezwe mbali. Tenki, choo cha shimo na bomba linalovuja vikiwa ndani ya mita chache za ukuta, viondoe kabla ya kulaumu mawe. Jamvi la zege lililomwagwa ndani ya vyumba nalo huusukuma unyevu wa chini ya sakafu uelekee kwenye kuta.

Gonga lipu kwa vifundo vya vidole. Palipo wazi nyuma hulia kama debe. Zungushia penseli na upige picha. Chumvi nyeupe ipigwe brashi kavu na ifagiliwe itolewe nje. Kuiosha kwa maji ni kuirudisha ndani.

Boriti huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Sukuma bisibisi kwenye boriti karibu kabisa na ukuta: ikizama zaidi ya sentimita moja, ncha imekwisha hata kama katikati ni ngumu kama chuma. Tafuta pia njia za mchwa. Sakafu ya juu ya boriti, mawe na chokaa ni nzito yenyewe. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya ziada, na hapo ndipo dari nyingi zinapolala. Tenki likae chini, kwenye jukwaa lake uani, mbali na kuta. Kama kuna vyuma vya sakafu, angalia kutu inayobandua zege chini yake: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, na nguvu hiyo inapasua. Kupaka rangi juu hakutibu.

Nyufa zisizibwe kabla ya kujua kama zinatembea. Bandika kipande chembamba cha jasi chenye upana wa vidole viwili juu ya ufa, andika tarehe juu yake. Kikipasuka, ukuta bado unasogea. Acha kipite masika moja na vuli moja. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha, mpana kuliko milimita tano au unaozidi kupanuka, ni kazi ya mhandisi. Ukuta uliotoka tumbo upimeni kwa timazi kutoka juu, na mwiteni mhandisi vilevile. Hapo hakuna cha kujaribu.

Chokaa, kwa vipimo

Lipu ya saruji itolewe kwa nyundo nyepesi na tindo, kuanzia palipolia wazi. Ikishika mpaka inaondoka na jiwe, iacheni. Saruji iliyobaki ina madhara kidogo kuliko ukuta uliochubuliwa.

Chokaa ya mfuko ya dukani inafaa ikiwa ni chokaa kweli. Baadhi ya mifuko myeupe ni unga wa mawe tu. Kijaribio ni cha jikoni: koroga manjano kidogo kwenye maji, tia chokaa ya ncha ya kijiko. Chokaa hai huyageuza maji kuwa mekundu mara moja. Unga wa mawe, au chokaa iliyokwisha kufa kwa kukaa dukani mfuko ukiwa wazi, hauyageuzi hivyo. Loweka chokaa kwenye pipa, maji yaifunike, na ikae wiki mbili angalau. Mwezi au zaidi ni bora. Chokaa mbichi iliyotoka tanuuni ni jambo jingine: ikizimwa huchemka kwa nguvu na hupofusha. Miwani, glovu, ndoo ya maji safi karibu, na siku zote tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa.

Mchanga uwe wa mto au wa shimo, wenye chembe kubwa na ndogo, uoshwe. Mchanga wa ufukweni uko karibu na haulipiwi, ndiyo maana unatumika, na chumvi yake ndiyo itakayoangusha kazi yote.

Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Kwa mita kumi za mraba zenye unene wa sentimita moja na nusu, hesabu ndoo tisa za lita 20 za mchanga na ndoo tatu za chokaa nzito. Kadirio hilo limeongezewa kidogo kwa ajili ya mashimo ya mawe. Palipo na unyevu wa kudumu, chini karibu na ardhi au chooni, badilisha sehemu moja ya mchanga kwa unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa kwa chekeche la unga: chokaa moja, mchanga mbili, unga wa tofali moja. Matofali yaliyochomwa kidogo ni bora kuliko yaliyoungua. Mchanganyiko huu hushika hata pasipopata hewa vizuri.

Loweka ukuta usiku uliotangulia na tena asubuhi. Piga tabaka lisilozidi sentimita moja, libonyeze kwa mwiko wa mbao, likwaruze msalaba msalaba, subiri wiki kabla ya jingine. Funika kwa magunia mabichi na nyunyiza mara mbili kwa siku kwa siku saba. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakishapita na jua likiwa pole. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo na jua vinakausha lipu kabla haijashika. Utaona nyufa ndogo ndogo siku ya pili. Fundi aliyezoea saruji atataka "kuitia nguvu kidogo" kwa kijiko cha saruji. Mkatalieni, mchanganyiko huo wa nusu nusu hupoteza upole wa chokaa bila kupata ugumu wa saruji. Rangi ya mwisho ni chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitano, na si rangi ya plastiki.

Kwa ukuta wa matofali, kazi ni ya viungo zaidi kuliko lipu. Kwangua kiungo kilicholegea kwa kina cha mara mbili ya upana wake, kwa kawaida sentimita mbili hadi mbili na nusu, pulizia vumbi, lowesha, jaza chokaa. Msiweke saruji. Kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, unyevu na chumvi huhamia kwenye tofali, na baada ya miaka michache viungo vinabaki vimesimama kama wavu huku matofali yameliwa.

Boriti iliyooza ncha inaweza kuokolewa kwa kuiwekea mkono wa mbao ngumu pembeni, ukikaa juu ya jiwe lililoachiwa hewa. Boriti mpya inahitaji kibali cha misitu, kwa kuwa mikoko yote ni hifadhi. Mawe ya kuongeza yatoke kwenye magofu yenu wenyewe; kuvunja matumbawe hai baharini ni kosa.

Sheria na faili

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863, na majengo au maeneo mengine yakitangazwa. Milango na miimo yenye nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 nayo ni mali inayolindwa, hata ikiwa kwenye nyumba binafsi. Mnunuzi anayetaka mlango peke yake aonyeshe kibali, na familia isipokee malipo kabla ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kibali cha ujenzi cha halmashauri, pelekeni ramani ya rangi na tamko la thamani kwa ofisi ya Mambo ya Kale mjini. Wakikuta kazi hiyo ya kupima na kuandika imefanywa, mazungumzo yanakuwa rahisi. Wakikuta lori la bloku mlangoni, yanakuwa magumu.

Faili liwe na nakala tatu: ya anayeishi nyumbani, ya msimamizi wa mirathi, na ya mtandaoni iliyo wazi kwa warithi wote. Ndani yake ziwemo sauti za wazee, ramani, picha za kila ukuta zikiwa na futi ndani ya picha, tarehe za vipande vya jasi, na muhtasari wa kikao uliosainiwa kuhusu vilivyowekwa nyekundu. Baada ya masika ijayo, rudieni picha zile zile kutoka mahali pale pale mkazilinganishe, kwa kuanzia na kuta za upande wa bahari.